Jiwe la Kona Katika Nyumba ya Chemchemi

Shamba la McCamish, Kijito cha Mbweha, Tenesi
20 Aprili 1815

Mama mkwe wangu Jerusha,

Naomba radhi kwanza, kabla hujaanza kunihesabia miezi. Uliondoka tukikamua maapulo, na leo miti hiyohiyo imechanua nami sijakuandikia hata mstari. Si kwamba sikujaribu. Barua ya kwanza Lavinia aliichorea farasi. Ya pili ndama aliitafuna. Nyingine niliichoma mwenyewe, maana ilikuwa na maneno ambayo mkaza mwana hamwandikii mama wa mumewe. Hii nadhani itakufikia, kwa kuwa mchuuzi wa vyombo anakunywa maziwa hapa mlangoni na ameshaniambia mara mbili kwamba njia ya Kentaki haijipiti yenyewe.

Sisi ni wazima kwa kiasi. Enoch ule mguu alioteguka kwenye barafu umepona, ila bado anautaja kila nikimwambia akapasue kuni. Lavinia amefikisha miaka minne na anajibu kama wakili. Asa anaota meno, na nyumba nzima inayaota pamoja naye. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Kuku wako mwenye upara hajafa, hatagi, na kelele hajapunguza. Wifi Penina na mumewe wasalimie sana, na umwambie mfarishi aliotushonea bado unatufunika wote wanne.

Sasa jambo lenyewe. Chemchemi inapungua.

Ilianza Februari, nikadhani ni baridi. Yale maji yaliyokuwa yakifurika beseni la jiwe na kupita katikati ya mitungi ya maziwa, sasa yanalamba ukingo tu kama mbwa aliyeshiba. Mitungi imesimama pakavu. Ukiingia nyumba ya chemchemi huhitaji tena shali. Maziwa yanachacha kabla ya jua kutua, na siagi huwezi kuikata, unaichota. Maji ya kunywa nateka kijitoni, palepale ng'ombe wa Bwana Pruitt wanaposimama wakifanya yao, Asa kiunoni, ndoo mkononi, Lavinia nyuma akiuliza kwa nini.

Enoch anasema maji yasiporudi kabla ya mahindi kukomaa, tunafunga gari twende Missouri kama wenzake. "Missouri kuna maji," anasema, kana kwamba ameshayaonja. Mimi siendi, Mama. Nimeshahamishwa mara mbili tangu nizaliwe, na sina nguvu ya kuanza tena kwenye kibanda cha magogo chenye mlango wa ngozi, watoto wakiwa hivi.

Wewe umekaa na chemchemi hii tangu haijajengewa ukuta. Enoch anasema kila Machi ulikuwa ukiisafisha peke yako, na hata marehemu baba yake hukumruhusu kuingia na jembe. Basi tuambie. Je, kuna njia nyingine chini ambayo maji yanaweza kuifuata? Na ile brashi ya kusugulia beseni siioni popote.

La mwisho, maana nisipolisema litanikaa kooni. Kile chano cha kukandia unga alinipa mama yangu siku ya ndoa. Kila mwanamke huku humlaza mtoto kwenye chano akiwa na kazi. Hakiviringiki, na kina kina cha kumtosha. Nilimlaza Asa pale kwenye nyumba ya chemchemi, niko hatua chache nasukasuka maziwa, ukaingia, ukapiga ukelele ambao sijausikia kwa binadamu, ukamnyakua mtoto na kukitupa chano motoni chini ya sufuria la sabuni. Nikakuambia una wazimu. Hilo neno nalirudisha. Lakini chano hakirudi, Mama, na sababu bado naisubiri.

Mkaza mwanao,
Tirza

*

Kwa Penina, Kentaki
18 Mei 1815

Kwa mke wa Enoch,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya pilipili na alama ya kidole cha mchuuzi. Nashukuru kusikia mu wazima. Penina ni mzito tena na miguu imemvimba. Mumewe ni mtu mwema anayeongea sana wakati wa kula. Maapulo ya huku ni makubwa na hayana ladha. Mtoto anayeota meno mpe ukoko wa mkate wa mahindi autafune, usimpe kidole chako. Kuku mwenye upara msimchinje, anajua kunguru wanakopita.

Kuhusu maji. Kwanza niambie kama kuna mtu amewagusa wale mijusi wa maji. Wale weusi wenye madoa wanaokaa chini ya beseni ndio wachungaji wa chemchemi. Mwanangu Enoch alikuwa mdogo akamtoa mmoja kwa fimbo, na maji yakachafuka hadi Jumapili ya pili. Kama Lavinia amemchukua mmoja, amrudishe na aombe msamaha.

Pili, waiteni watu mchimbe kisima juu, karibu na mti wa jozi. Pale udongo ni laini. Kisima ni kazi ya wiki chache kwa mwanaume ambaye mguu wake umepona.

Tatu, jiwe lile bapa la kona ya ndani ya nyumba ya chemchemi, upande wa kaskazini, msiliguse. Fagieni juu yake, wekeni mitungi juu yake, lakini msiliinue.

Kuhusu kile chano sina la kusema.

Penina anawasalimu. Mwambie Lavinia nimemwekea pipi ya utomvu mtamu wa mti, akija ataipata.

J. McCamish

*

Kijito cha Mbweha
12 Juni 1815

Mama,

Salamu zako zimetufikia, na za Penina, Mungu amfungue salama. Ngano imeanza kuwa njano. Ndama tumemwita Binti Mfalme, kwa amri ya Lavinia. Mijusi wote wapo. Lavinia aliapa hajamgusa hata mmoja, kisha akaniomba nimpe aproni yake, na ndani ya mfuko wa aproni alikuwamo mmoja. Amerudishwa. Ameombwa msamaha kwa sala ndefu kuliko ya mhubiri. Maji hayakurudi.

Nisamehe nikisema kama ninavyojisikia, maana nimechoka na sina akiba ya adabu. Nilikuuliza kama kuna njia nyingine ya maji chini. Umeniambia maapulo ya Kentaki hayana ladha. Nilikuuliza kuhusu chano. Umeniambia habari za ukoko wa mkate. Wewe si mtu wa kusahau swali, Mama. Mimi nimekaa nawe miaka mitano. Ukiambiwa jambo Jumatatu unalijibu Ijumaa bila kukosea neno.

Kisima Enoch amejaribu. Karibu na mti wa jozi kuna udongo laini wa kimo cha mtoto, na chini yake ni mwamba mmoja kutoka hapa hadi kwa shetani. Akavunja sululu na kutukana, na Lavinia sasa anajua maneno mapya.

Kisha akamleta jirani yetu Bwana Pruitt, na kijiti chake cha panda cha mpichi, kuyatafuta maji. Akakishika kwa mikono miwili, macho kayafumba, akazunguka uwanja mzima kama kuku aliyekatwa kichwa, akaingia nyumba ya chemchemi na kijiti kikainama kwa nguvu hadi kikamgusa goti.

"Hapa!" akasema. "Hapa kuna mengi!"

Nikamwambia, "Bwana Pruitt, huo ni mtungi wangu wa maziwa ya mgando."

"Kijiti hakidanganyi, Bibi McCamish."

"Hakijadanganya. Kimechagua tu chakula."

Hakucheka. Ila aliposogea, kijiti kikainama tena, na safari hii ni juu ya lile jiwe la kona. Na jambo jingine: kwenye zizi la nguruwe, chini ya ukuta uleule, pamekuwa na tope jipya ambalo halikauki hata kwa jua hili. Nguruwe wanagaagaa humo kwa furaha wakati mimi nabeba ndoo. Sihitaji kijiti kuniambia maji yanapita chini ya sakafu na kutokea huko.

Basi Enoch na Pruitt wamekubaliana. Ngano ikishaingia ghalani, watatoboa tundu kwenye kona ile, waweke baruti, wapasue sakafu na kulazimisha maji yarudi juu. Nikasema Mama amekataza jiwe lisiguswe. Enoch akasema, "Mama anakataza kila kitu. Alinikataza hata kukaa pale nikiwa mdogo. Mwulize sababu." Basi nakuuliza sababu.

Na hili ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kulala. Asa anaharisha tangu wiki iliyopita. Maji ya kijitoni. Nayachemsha, lakini naye anatambaa, na vidole vyake viko kila mahali. Amekuwa mwepesi. Ukimwinua unashangaa mkono wako ulivyopanda juu. Mimi sikuulizi tena kwa ajili ya siagi, Mama. Nakuuliza kwa ajili ya mjukuu wako. Unajua nini kuhusu kona ile?

Tirza

*

Kentaki
3 Julai 1815

Tirza,

Penina amejifungua mvulana. Wote wazima. Sijakaa kitako tangu hapo, isipokuwa sasa.

Asa mpe maji ya mchele yaliyotiwa chumvi kidogo, na chai ya majani ya mforsadi-miba, kijiko kijiko, hata akitema. Usimpe maziwa hadi tumbo litulie. Mtu akikuambia umpake mafuta ya dubu, mfukuze.

Baruti hapana. Mwambie Enoch nimesema hapana, na kama ana masikio ya babaye atanielewa.

Umeuliza kuhusu njia nyingine. Ipo. Mwaka ule wa vita, kabla Enoch hajazaliwa, majirani wote walikimbilia kwetu kwa sababu ya chemchemi. Nyumba ile ya mawe haikuwapo, palikuwa na boma la magogo, na chemchemi ilibaki nje ya ukuta, hatua chache tu. Wacheroki, wenyeji wa nchi ile, walikaa msituni kuizunguka. Siwalaumu kama zamani. Maji yale walikuwa wakiyanywa kabla yetu. Beseni lile marehemu mume wangu hakulichonga, alilikuta. Lakini wakati ule tulikuwa na watoto ndani na hakuna aliyeweza kutoka na ndoo.

Wanaume wakachimba mfereji kwa chini, kutoka kwenye jicho la maji hadi ndani ya boma. Walichimba kwa majembe na mabakuli. Wakakosea mara ya kwanza, mfereji ukapita kando ya maji, ukawa mkavu. Wakachimba mwingine. Huo wa pili ukaleta maji, tukapona, wengi wetu. Amani iliporudi tukaziba yote miwili kwa udongo wa mfinyanzi, mume wangu akajenga nyumba ya mawe juu yake na kuweka lile jiwe kwa mikono yake.

Nadhani udongo umeachia, na maji yameingia kwenye ule mkavu. Zibeni kwa nje, upande wa nguruwe, kwa udongo mwingi na mawe. Huenda yakasimama.

Yasiposimama, na ikiwa ni lazima jiwe liinuliwe, basi liinuliwe kwa mtaimbo, polepole, nawe uwepo. Si Pruitt. Wewe. Wanaume wakae nje.

Pale chini palikuwa pakavu nilipopaacha. Palikuwa mahali pakavu kuliko pote ndani ya boma.

Sina zaidi.

Jerusha

*

Kijito cha Mbweha
9 Agosti 1815

Mama yangu,

Hongera ya mjukuu. Mwambie Penina nitamshonea kofia yule mvulana nikipata mikono. Asa anaendelea vizuri, nakuambia mapema ili usome haya mengine ukiwa umetulia. Tumbo limetulia. Jana alimng'ata Lavinia, na Lavinia akamng'ata naye, nikamshukuru Mungu kwa wote wawili.

Barua yako ya Julai imefika juzi. Mchuuzi alilala wiki mbili kwa homa njiani. Kwa hiyo yote nitakayokueleza tulifanya bila neno lako. Kaa chini kwanza.

Ngano ilipoingia ghalani, asubuhi yake Bwana Pruitt alikuja na kibuyu cha baruti na patasi ndefu, amevaa koti la kanisani kana kwamba tunazika mtu. Nilikuwa nyumba ya chemchemi nasuuza mitungi. Nilipomwona akipima ile kona kwa kidole gumba, moyo ulinikatalia. Barua yako ya Mei ilikuwa na mstari mmoja tu usio na habari za kuku wala maapulo, nao ulikuwa kuhusu jiwe lile. Mwandiko wako wote ni wa kusimama wima, ila pale ulikuwa umelala. Basi nikalikalia. Nikampakata Asa, nikakaa katikati ya jiwe.

"Inuka, mke wangu," Enoch akasema.

"Siinuki."

"Tirza, Bwana Pruitt ana kazi zake."

"Akazifanye."

Pruitt akasema, "Mwanamke akikaa juu ya baruti, Enoch, mimi siwashi. Hayo ni mambo ya nyumbani kwenu."

"Baruti haijawekwa bado," Enoch akasema.

"Basi nitakaa hadi iwekwe, na ikishawekwa nitaendelea kukaa."

Enoch akavua kofia, akaivaa, akaivua. Akasema, "Wewe na Mama mmefanana kuliko mimi na Mama." Hilo lilinichekesha nilipokuwa sitaki kucheka. Nikamwambia nitainuka kwa sharti moja: jiwe liinuliwe kwa mtaimbo, bila moto, na kama hakuna kitu chini apasue hata nyumba nzima, mimi nitamshikia patasi. Pruitt akaenda nyumbani na kibuyu chake akinung'unika kwamba kijiti cha mpichi hakijawahi kudharauliwa hivi.

Tuliliinua sisi wawili. Ni zito, Mama. Sijui baba alilibebaje. Chini kulikuwa na mfereji kama ulivyosema, na maji yakipita chini kabisa, membamba, ya haraka. Na juu ya maji, kwenye mawe yaliyopangwa kama mafiga ya chungu, kulikuwa na chano. Chano cha mti wa mpopla, kirefu kama mkono wangu. Kimefunikwa kwa ubao wa mwaloni na kufungwa kwa ukanda wa ngozi.

Enoch akasema, "Ni nini hicho, wamezika fedha?" akaanza kuingiza mkono. Nikamshika mkono. Akaniangalia usoni, kisha akaangalia chano, kisha akaelewa kwa kupima kwa macho tu, kama baba yeyote ambaye ameshalaza mtoto kwenye kitu cha ukubwa ule. Akatoka nje. Nilimsikia anapasua kuni ambazo sikumwomba.

Sikufunua, Mama. Nakuapia. Ukanda ule uliufunga wewe, na hakuna aliyeufungua. Na nisikilize vizuri, maana najua utakachokiwaza ukisoma kwamba maji yalipita: yalipita chini yake. Wale waliopanga mawe walipanga vizuri. Nilipitisha kiganja changu chini ya chano, palikuwa na unyevu. Juu nilipogusa, palikuwa pakavu.

Nikakumbuka ule ukelele wako. Nikakumbuka miaka mitano uliyokanda unga mezani, ukisema chano kinachafua. Nikakumbuka kwamba nilimlaza Asa kwenye chano, juu ya jiwe lilelile, maana hapo ndipo palikuwa na ubaridi mzuri. Nilikaa pale chini nikalia, na nilikuwa na hasira pia, ukitaka ukweli. Hasira kwako. Ungesema neno moja tu, ningekitia moto mwenyewe.

Enoch aliporudi akaniuliza, "Kwa nini hawakusema?" Nadhani najua. Nani angekunywa maji ya chemchemi yenye kaburi? Boma zima lingehama. Mkanyamaza ili watu wanywe, na mkisha kunyamaza mwaka mmoja, wa pili unakuwa mgumu zaidi kuuvunja. Lakini umekinywa kimya hicho peke yako tangu baba alipokufa, na kimekuchachia.

Tulimbeba hadi kwenye kilima, tukamlaza upande wa kulia wa kaburi la baba, chini ya ule ukuta wa mawe. Nilimbeba mimi, si Enoch wala gari. Enoch alisoma zaburi, akakosea mistari. Nilimfunika kwa ule mfarishi wa Penina. Watoto wangu watalala na blanketi la sufu mwaka huu, hawatakufa.

Kisha tukaziba ule mfereji kwa udongo wa mfinyanzi, Lavinia akiukanyaga kwa miguu hadi magotini. Maji yalikaa yakifikiri siku nzima. Kesho yake yalikuwa yamefurika beseni. Mitungi imesimama majini na nimevaa shali kuandika barua hii, maana niko humo humo. Enoch ameliondoa gari uwanjani na hajaitaja Missouri, ingawa mguu bado anautaja.

Nahitaji vitu vichache, mpe mchuuzi: sindano nene za kushonea mfarishi mpya, mbegu za yale maboga yako yenye shingo, na kipande cha nili ya kutilia nguo rangi. Chano sitaki. Enoch ameipigia meza ukingo na unga haumwagiki. Na nahitaji jina, na kama ni wa kike au wa kiume. Enoch ameshachonga jiwe. Amechonga ukingo, na ua moja, na katikati ameacha.

Binti yako,
Tirza

*

Kentaki
14 Septemba 1815

Mwanangu Tirza,

Kifurushi kimekwenda na mhubiri. Sindano sita, moja imepinda, ndiyo nzuri kuliko zote. Mbegu za maboga nimezifunga kwenye kitambaa. Panda baada ya baridi ya mwisho, si kabla, hata Enoch akisema nini. Nili ni kipande kizuri, usikimalize kwa soksi.

Mtoto wa Penina ananenepa. Mume wa Penina bado anaongea. Ninashukuru kwa mfarishi ulioutoa.

Penina ananiuliza kwa nini nimekaa na kalamu hii tangu tulipofungua kinywa na sasa wanapika cha usiku. Nimemwambia wino ni mzito.

La mwisho uliloomba halimo kwenye kifurushi.

Ulisema juu palikuwa pakavu. Nimeisoma sehemu hiyo.

Jerusha

*

Kijito cha Mbweha
22 Oktoba 1815

Mama,

Nawasalimu wote, hasa yule anayenenepa. Umande wa jana uliganda kwenye majani. Asa anatembea kwa kushika ukuta wa nyumba ya chemchemi, mtungi hadi mtungi, na juzi alikaa kwenye beseni na nguo zake zote akapiga kelele za furaha kwa ubaridi. Siagi inakatika kwa kisu. Bwana Pruitt amekuja kuomba radhi, kwa namna yake. Alisema kijiti kilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nikampa maziwa ya mgando.

Enoch amebadilika kidogo. Jioni hupanda kilimani, akirudi anasema ameenda kuangalia ule ukuta wa mawe. Ameniuliza mara mbili, "Mama amejibu?" Nikasema amejibu. Akasema, "Amejibu nini?" Nikasema, "Maboga." Mama, usinifanye nimwambie mwanao maneno hayo mara ya tatu. Nimechoka, naandika ninavyosinzia. Lakini maana yangu unaijua. Huyo kilimani ni mkubwa wake. Amekaa na nduguye chini ya miguu yake maisha yake yote, akikatazwa kukaa pale, na sasa anataka tu kujua amwite nani.

Sikushurutishi. Ila sitaacha kuomba, na wewe unanijua nikilikalia jambo.

Kifurushi kimefika. Sindano iliyopinda kweli ndiyo nzuri. Mbegu panya alizigusa kidogo, nyingi zimebaki. Nili inatosha. Bado nahitaji hivi.

Brashi ya kusugulia beseni. Usikatae, Mama, nimeshakumbuka niliiona imechomoza kwenye mzigo wako siku unaondoka. Machi haiko mbali na mimi sijui unaanzia upande gani, wala ni mawe yapi yanainuliwa na yapi yanaachwa, wala mijusi wanawekwa wapi wakati wa kusugua. Barua haitanifundisha.

Pipi ya Lavinia, anaiuliza kila siku.

Viatu vyako vya baridi viko hapa chini ya kitanda chako, nimevipaka mafuta, hivyo usilete vingine.

Na jina. Kama mkono hauwezi kuliandika, liache lisiandikwe. Ukija na brashi, lilete mdomoni.

Tirza